Mshenga

Pini elfu moja mia tatu thelathini na moja
chini ya prosesa yangu mpya,
na matundu elfu moja mia tatu thelathini na moja
kwenye ubao mama nilioununua kwa Bwana Teng,
ghorofa ya chini, soko la Guanghua, Taipei.
Aliufunga kwa gazeti kama anayefunga samaki.
"Zinaingiana," alisema.
Hakudanganya.

Pembetatu ya dhahabu ilitazamana na mwenzake,
sikusukuma, prosesa ikazama yenyewe,
nikalaza wenzo wa chuma: tik.
Feni zikazunguka. Taa ikawaka.
Skrini ikabaki nyeusi, sufuria iliyosahaulika motoni.

Nikabadili nyaya. Nikachomoa kumbukumbu,
nikazipuliza, nikazirudisha moja moja.
Nikamtukana Bwana Teng kwa lugha mbili.
Redio ilikuwa ikitaja miji ambayo kimbunga kimeshaifikia,
Yilan, Keelung,
sisi bado.

Bibi Yueh-o akaja akifuta mikono kwenye aproni.
Miaka ishirini na miwili alikaa kiwandani Taoyuan,
kioo cha kukuzia jichoni, mkanda ukipita,
akisaka pini iliyopinda;
kila iliyomponyoka ilikatwa kwenye mshahara.
Hajui kutuma barua pepe.
Aliuinamisha ubao kwenye mwanga
akasoma tarakimu zilizochapwa ukingoni,
ndogo kuliko mayai ya chawa.

"Huu ulitoka kiwandani kabla hiyo yako haijazaliwa.
Kiti kinamtosha mgeni.
Ila mwenye nyumba hajawahi kutajiwa jina lake."

Nikasema, basi tuisasishe bayosi, ijue.
"Utaisasishaje, na haiwezi hata kuamka?"

Kisha akanyamaza, na nikajua anafikiria nini,
kwa sababu na mimi nilikuwa nimeshaifikiria
nikaona aibu kuisema.

Kompyuta ya babu iko chini ya cherehani,
imefunikwa kalenda za miaka aliyoikosa.
Soketi ileile. Prosesa ya kale kidogo,
ile ubao unayoifahamu.
"Zungusha kwanza," bibi alisema, "usivute.
Gundi ikikauka hung'ang'ania;
ukivuta itatoka na pini zikiwa zimelala."
Nikazungusha. Ikalia kidogo, ikaachia.

Tukaiweka babu mahali pa mpya.
Skrini ikafunguka papo hapo, bila kinyongo.

Asilimia nne. Kumi na moja.
*Usizime kompyuta*, maandishi yalisema,
na upepo nao ukaja kuyasoma dirishani.
Thelathini na nane. Taa ya jikoni ikapepesa.
Bibi akaweka kiganja juu ya meza,
kana kwamba umeme ungemwona ukaona haya.

"Babu yako alinijia kwa mshenga," akasema,
jicho lake halikutoka kwenye namba.
"Mama mmoja mwenye jino la fedha.
Alikunywa chai yetu, akanieleza mimi kuhusu yeye
na yeye kuhusu mimi,
akachukua mwavuli wake.
Hata jina lake silikumbuki."

Sitini. Sitini. Sitini.
Tisini na tisa, ndefu kuliko zote.
Mia.

Nikaitoa ya babu, nikaiweka yangu.
Pembetatu kwa pembetatu, wenzo, tik,
na safari hii ubao ukaitaja kwa jina lake kamili,
kwa herufi nyeupe, na kasi yake, na tarehe
ambayo ilikuwa ya mwaka mwingine kabisa.

Nilipiga kelele. Bibi hakupiga.
Alikuwa na ile ndogo mkononi, akiisafisha kwa spiriti,
akiigeuza upande wa pini,
bila kioo, midomo ikicheza.
"Zimetimia," akasema.

Akaniambia niirudishe mahali pake
na niweke gundi mpya, kiasi cha punje ya mchele,
kwenye mashine ambayo hakuna atakayeiwasha.
Nikaweka.
Akaifunika kwa kalenda zilezile,
kwa mpangilio uleule,
akaenda kuona kama madirisha yamefungwa.