Hesabu ya Lambo

Vifaranga elfu mbili wa sato. Risiti ninayo,
mhuri umekaa upande, tarehe imefutika kwa jasho la Lugwisha
aliyeisokomeza kwenye soksi tangu Nyegezi.
Mifuko minne ya nailoni, nusu maji nusu hewa,
imefungwa nyuma ya pikipiki kama mito ya harusi,
na kila tuta la Usagara alisimama, akauliza:
"Mko hai?"

Walikuwa hai. Urefu wa ukucha,
wembamba wa kijiti cha kiberiti.
Bwana samaki alisema tusiwamwage upesi,
mifuko ielee kwanza, joto lake lilingane na la lambo,
wasije wakashtuka.
Tukasimama robo saa, maji magotini, kama wanaobatiza.
Hawakushtuka.

Kilichofuata sikukiona, nilikisikia:
chubwi, karibu na matete. Chubwi nyingine.
Kisha upande mzima ukachemka kama sufuria ya maharage
na Nkwimba akapiga vigelegele,
akidhani wanacheza.

Nani aliuliza humo ndani anaishi nani?
Tulipima kina, tukapima upana, tukabishana juu ya mvua.
Kambare hatukumpima. Alikuwapo kabla ya kamati,
kiangazi hulala topeni, halipi ada, hasaini.
Na yule sangara, ni mtoto wa nani aliyemleta kwa ndoo
kutoka ziwani, kwa mchezo, mwaka ule wa uchaguzi?

Wiki ya tatu Lugwisha akanasa kambare mnene.
Nilimpasua mwenyewe, juu ya gunia, kwa kisu cha mihogo.
Thelathini na mmoja. Wengine bado wana macho.
Nikafungua daftari la kikundi. Safu ya mapato? Ya matumizi?
Nikaandika katikati, juu ya mstari mwekundu:
*31, wamepatikana.*

Tukamla. Alikuwa mtamu, sitadanganya,
mtamu kwa shilingi mia mia.

Mwaka huu tumeshona kizimba cha wavu,
nguzo nne za mkaratusi, kwenye kona ya maji mafupi.
Humo watakaa mpaka wafikie upana wa kiganja changu;
kikundi kimekubali kiganja changu kiwe rula,
kimepasuka, lakini wanakiamini kuliko mhuri.
Jioni nawatupia pumba.
Nje ya wavu maji yanainuka kidogo, yanapita,
yanarudi.
Masharubu yanapapasa fundo baada ya fundo,
bila haraka,
kama mkaguzi anayejua
mahali fulani pana kosa.