Kucha za Mzee Kuwabara

Fomu imelala mezani tangu Jumatatu,
kando ya bakuli la maharage ya soya.
Chuo cha Uuguzi, Obihiro. Nimejaza jina, umri, aina ya damu.
Kisanduku kimoja kimebaki wazi:
Kwa nini umechagua kazi hii?
Mistari sita. Kalamu imegoma mara mbili
nami nimeisingizia baridi.

Ningeandika: kwa sababu siogopi damu.
Nilikuwa na miaka tisa ng'ombe wetu aliposhindwa kuzaa.
Mkono wa baba mnene, wangu mwembamba;
nikauzamisha hadi begani, nikaukuta mguu wa ndama
umekunjwa kama mtu aliyelalia mkono wake.
Kulipokucha shangazi Fumie akawatangazia majirani:
"Mizuho ni muuguzi huyu, mtaniambia!"
Nikavikwa cheo kabla sijamaliza kuota meno.
Tangu hapo kila mwaka mpya naletewa yale yale:
kipimajoto, kitabu cha mifupa,
mwanasesere mwenye bandeji kichwani.

Na kweli napenda. Mifupa ya kiganja na vidole,
yote ishirini na saba, naitaja gizani
kama mtu anayevuta tasbihi.
Napenda moyo ulivyochorwa, ukumbi juu, ukumbi chini.
Lakini mchoro haukohoi.
Mchoro haujikojolei saa tisa usiku
ukakuita kwa jina la mkewe.

Mwezi wa pili nilijitolea wodi ya wazee,
ghorofa ya nne, dirisha likitazama moshi wa kiwanda cha sukari.
Nilitarajia jambo. Kengele labda, watu kukimbia.
Nikapewa mkasi wa kucha.

Mzee Kuwabara, aliyefuga farasi wa kuvuta magogo,
kucha zake za miguu ni pembe:
za manjano, zimejikunja, zinaingia nyamani.
Unaloweka dakika ishirini. Unakata chembe.
Unamsubiri amalize kutukana.
Siku ya kwanza nilihesabu dakika.
Siku ya pili nilihesabu dakika.
Siku ya tano alinipiga teke la kifua,
kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama farasi wamekula.
Nikasema wamekula.
Akalala.

Nikaenda chooni nikalia, wala si kwa huruma.
Kwa hasira, niseme kweli,
na kwa kuchoka kusikia jina langu
likigongagonga koridoni kama mlango usiofungwa vizuri.

Nesi Sawaguchi akanikuta pale. Nikamuuliza alijuaje.
"Kujua nini?"
Kwamba hii ndiyo kazi yake.
Akaitazama saa. "Mwaka wa kumi na tisa huu,
na leo nimekaa garini dakika nane kabla ya kushuka.
Haya, chumba cha tatu wanataka beseni."

Kipendacho roho hula nyama mbichi, wanasema.
Sawa. Ila hakuna aliyeniambia
roho ikishashiba, sahani huoshwa na nani,
na huoshwa mara ngapi kwa mwezi.

Baba hasemi. Jana zizini aliniangalia nikikamua,
akafungua kinywa, akakifunga,
akaenda kuwasha trekta lisilokuwa na safari.

Kuna kitu kimoja tu.
Siku ya mwisho muda ulinipita; ukabaki ukucha mmoja,
kidole kidogo, mguu wa kushoto.
Ndani ya basi, theluji ikivuka taa za barabarani,
sikumfikiria mzee. Niliufikiria ule ukucha:
una ncha, utanasa kwenye soksi,
na atakayemvisha asubuhi atavuta bila kujua.
Wiki mbili sasa. Naosha vyombo, naufikiria.
Huu ndio wito? Au ni ukaidi tu
wa mtu asiyeweza kuacha kitu nusu?

Ijumaa posta hufungwa saa kumi na moja.
Nimeipasha kalamu joto kwapani.
Mstari wa kwanza nimeandika: Sijamaliza kidole kimoja.
Mitano imebaki myeupe.
Soya imepoa.