Ardhi ya Kombi

Kombi ya mama ilinizidi umri,
nyeupe iliyokuwa nyeupe,
trei za mayai nyuma hadi darini
na juu vipaza sauti viwili vya bati
vilivyokuwa vikikohoa tangu Kwaresima.
"Mwuza magodoro anatumeza," mama akasema.
Kweli. Lori lake likipita mitaa ya Campina Grande
mayai yetu yalikuwa bubu.
Akavunja kibubu, akaniletea amplifaya
ndani ya gazeti, kama samaki:
wati mia nne, ya mkononi,
mapezi mawili ya alumini yamepinda.
"Fundi ni wewe."
Nilikuwa na miaka kumi na saba na bisibisi moja.

Nikang'oa kwanza waya hasi wa betri.
Betri ya Kombi iko nyuma, ubavuni mwa injini,
kiti cha mbele kiko safari nzima.
Nikaulaza waya mwekundu chini ya zulia,
kila tundu la chuma nikalivisha pete ya mpira
usije ukachunwa ngozi njiani.
Fyuzi shibiri moja toka betrini:
ikija shari, ife fyuzi, lisife gari.
Waya wa buluu, mwembamba, kutoka redioni,
hauna nguvu huo, kazi yake kuamsha wenzake.
Mweusi nikaukaza kwenye skrubu ya kiti,
skrubu ya kwanza niliyoiona.

Nikawasha. Akaja nzi.
Sijui nimwiteje vingine: nzi ndani ya chupa,
nikikanyaga mafuta anapanda,
nikiachia anashuka,
na nyuma yake, mbali, mimi.

Mimi wa miaka saba.
Mama alinirekodi jikoni asubuhi moja kabla ya shule:
"Mayai mabichi! Trei ya thelathini!
Yai kubwa, bei ndogo!"
Ila meno mawili ya mbele hayakuwapo,
ikatoka "felafini",
na Felafini likawa jina langu mtaa mzima,
hata kwa Jucileide wa duka la dawa. Hata yeye.
Ndiyo maana simuni nilikuwa na rekodi mpya,
sauti nzito, ya kiume,
niliyoifanyia mazoezi bafuni wiki mbili.

Saa tatu nilimwinda yule nzi.
Nikatenganisha nyaya, nikabadili nyaya, nikatukana nyaya.
Bwana Arlindo wa gereji akapita na mkate kwapani,
hata hakuinama.
"Ardhi yake iko wapi?"
Nikamwonyesha skrubu.
"Hiyo ni rangi, kijana. Umefunga waya kwenye rangi."
Akaniachia kipande cha msasa.

Nikakwangua. Nyeupe. Chini yake kijani
(sikujua iliwahi kuwa ya kijani, wala ilikuwa ya nani),
chini yake kahawia ya kiwandani,
halafu chuma, kikavu, king'aavu.
Gari haligusi udongo, mipira minne inalitenga nao;
ardhi yake ni mwili wake,
ila mpaka uuvue nguo.

Nikakaza upya. Nzi akafa.
Sauti ikatoka safi mno:
nikasikia kifuniko cha sufuria,
mama akizuia kicheko kabla ya "felafini",
na mlango ukifungwa,
baba akienda kazini, enzi zile alipokuwa akirudi.

Mama akaja, mikono inachuruzika maji.
Nikamchezea rekodi yangu ya simuni.
Akaisikiliza yote, kwa adabu.
"Huyu," akasema, "anauza magodoro."

Kesho yake alfajiri, felafini, felafini,
madirisha yanafunguka pande zote,
nami nimezama kitini, kidevu usawa wa usukani,
duka la dawa linakuja upande wa kulia.

Nilisahau kupaka grisi.
Mvua za Juni zikaleta kutu, nzi akafufuka.
Nikatafuta msasa.