Moja Mkononi

"Vina miguu," alisema kwenye simu, "vijidudu vya chuma,
marehemu ameniachia droo nzima. Unanunua kwa kilo?"

Sinunui kwa kilo, Bi Šustrová.
Natafuta kimoja.

Kazi yangu ni lifti. Nusu ya Olomouc hupanda na kushuka
kwa mikono hii. Usiku, juu ya meza ya jikoni,
najenga prosesa: bodi thelathini na moja,
waya wa rangi ya haradali, mwembamba,
mrefu kuliko mto wetu, asema dada yangu,
ambaye pia asema: simu iliyo mfukoni mwako
inakushinda akili mara milioni, Ctibor, unatafuta nini?
Nataka kuiona moja ikikutana na moja.
Nataka kuwepo.

Rejista ninazo. Kumbukumbu niliing'oa
kwenye mashine ya kufulia shuka, hospitali ilipoitupa.
Nilichokosa ni kile kinachojumlisha,
miguu ishirini na minne, mweusi tii,
kiwanda chake sasa kinauza magodoro.
Gulioni Brno niliuziwa vitano: vya uongo vyote,
namba za kwanza zimefutwa kwa petroli,
mpya zimepigwa chapa juu, nazo zimepinda.
Wazee wa redio wa Ostrava walinipa viwili bure.
Vilikuwa maiti. Walijua.

Basi treni ya alfajiri, theluji ya Februari,
na jengo la ghorofa nane lenye karatasi mlangoni:
LIFTI MBOVU, na chini yake, kwa kalamu nyingine,
tangu Krismasi.
Nikapanda kwa miguu hadi ya saba.

Droo ilinukia tumbaku na lehemu.
Makasha ya kibiriti, kila moja na shuka lake
la karatasi ya kung'aa ya chokoleti,
na mwandiko wa penseli, mdogo, wa mtu asiye na haraka:
mzima. mzima. mzima, ila usimpe joto.
Na kasha la mwisho kabisa, kwenye pembe:
huyu husahau.

Nilihesabu miguu. Ishirini na minne.

"Huyo ndiye unayemtaka?" Bi Šustrová akacheka.
"Mwenye kasoro?"
Nikasema ndiye peke yake.
Pesa akazikataa. Akanionyesha ngazi kwa kidevu,
kisha magoti yake.

Nilishuka chumba cha mashine. Relei moja,
mdomo umeungua, umefanya masizi.
Niliukwangua kwa tupa ya kucha aliyonikopesha.
Saa moja haikutimia.
Tulipanda pamoja, yeye na mimi na kikapu cha viazi,
na hakuna aliyesema neno hadi ya saba.

Nyumbani nilimpa volti tano, taratibu,
kama unavyomnywesha mgonjwa.
Moja na moja: taa ikasema mbili.
Saba na nne. Tisa na sita: taa zote nne, kumi na tano.
Nikaongeza moja.
Taa nne zikazima, sawa, ndivyo ipasavyo,
lakini ya tano, ya kubeba, ikabaki giza.
Alikuwa amefika ukingoni na kusahau alichoshika.

Mguu wa kumi na sita. Kwa lenzi niliuona ufa
begani pake, mwembamba kama unywele.
Mume wake hakuwa na lenzi hii.
Au alikuwa nayo, akaiacha kazi kwa ajili ya kesho.
Uzi wa shaba, tone la lehemu, pumzi nimeizuia.

Saa nne usiku nikapiga simu.
"Amehesabu," nikasema.
"Amefika ngapi?"
"Kumi na tano."
"Halafu?"
"Sifuri. Na moja mkononi."

Alinyamaza kidogo.
Nyuma yake, ukutani, nikaisikia lifti
ikimpandisha mtu nisiyemjua.