Ukoko wa Jungu Kuu

Bibi Honorine, wewe ulikagua chupa za manukato
miaka thelathini na mmoja kwenye bonde la Bresle,
ukiinua kila chupa mbele ya taa
kama mtu anayepima yai lisije likawa viza,
ukitafuta kiputo, ufa, unywele.
Yenye kasoro ilirudi tanuruni.
Jioni ulinuka vumbi la mchanga, si waridi.

Mimi pia nafanya kazi ya kioo.
Hukuishi ukaiona, kwa hiyo nakusimulia.

Huku kwenye ncha ya rasi ya Cotentin,
ambako ng'ombe hulala wakiupa upepo kisogo,
nasimama nyuma ya dirisha lenye unene wa mita moja,
la manjano kama mvinyo wa tufaha wa mjomba Anthime,
limeshiba risasi hata mionzi huchoka njiani.
Mikono yangu iko upande wa pili, ni ya chuma.
Nikikunja kidole hapa, koleo hukunja chake kule.
Nimejifunza kufungua skrubu bila kuigusa skrubu.

Tunachopika, bibi, ni ukoko.
Jungu kuu halikosi ukoko,
na jungu hili lilipikia nchi nzima:
treni iliyokupeleka Rouen kung'olewa jino,
taa ile ile uliyoinulia chupa,
joto la wodi uliyofia.
Wali tuliula hadi tukaramba vidole.
Ukoko wa nyumbani watoto huugombania;
huu hauna wa kuuomba.
Kuna wanaosema tuuache, mavi ya kale hayanuki.
Haya hayakunuka hata yalipokuwa mabichi.

Unaingia ukiwa maji yenye tindikali,
unakaushwa ukawa unga,
unga unakutana na chembe za kioo
na chungu kinawaka digrii elfu moja na mia.
Nilidhani tunaifungia sumu ndani,
kama zabibu kwenye mkate.
Mzee Quesnel, aliyenifundisha, alicheka:
la, binti, ni chumvi kwenye mchuzi.
Haya, itoe.

Saa ya kumimina hatuzungumzi.
Hakuna aliyetukataza.
Uji mwekundu unashuka kwenye mtungi wa chuma,
mzito, bila haraka, kama asali ya Januari,
kisha kifuniko, kisha cheche za kuchomelea,
kisha kisimani, kwenye foleni ya mitungi
itakayopoa baada ya mimi kustaafu.

Sijawahi kukiona kioo changu kikiwa baridi.
Lakini Quesnel ana kipande cha majaribio mezani,
kisicho na sumu, anakandamizia karatasi.
Siku moja nilikiinua kwenye taa,
mkono ulijiendea wenyewe, mkono wako.
Mwanga haukupita. Cheusi tititi.
Nikatafuta kiputo, nikaona uso:
wangu, na hiyo pua yako.
Kioo ni kioo, hata kisipopitisha kitu
hurudisha.

Binamu yetu Ludivine haji tena Krismasi.
Anaishi mashariki, juu ya udongo wa mfinyanzi
ambamo wanataka kuizika mitungi hii,
na amebandika bango kwenye ghala la baba yake.
Aliniuliza kwenye simu: utamlinda nani
kwa miaka laki moja, wewe unayesahau funguo?
Nilimwambia habari ya chumvi na mchuzi.
Akasema, mchuzi huo mnataka tuunywe sisi.
Sikuwa na jibu. Bado sina.

Chupa zako zilisubiri mgeni usiyemjua azifungue,
ajipake shingoni.
Zangu zinamwomba mgeni nisiyemjua
apite tu.

Zamu ikiisha naingiza mikono kwenye mashine.
Inanung'unika, inawasha kijani: safi.
Hata hivyo nanusa vidole, kila siku,
kwenye maegesho, mvua ikininyeshea.
Sabuni.
Sabuni tu.