Picha ya Zahanati, Al-Hamra

Ukutani, juu ya mashine ya maji,
wanawake watatu wameinamia mfereji wa shamba.
Rangi imepakwa nzito kama uji uliolala:
ardhi nyekundu, migongo ya buluu,
wala hakuna hata mmoja mwenye uso.

Mama Ghaniya, namba kumi na saba kiganjani,
anaitazama tangu tuingie.
"Huyu wa katikati," ananiambia kwa Kiswahili
ili muuguzi asielewe,
"hajui kukamua. Nguo haishikwi hivyo.
Au mchoraji hajapata kufua hata leso yake."

Kisha kimya. Feni inalalama.
Kidole chake kilichopinda kinachora hewani
falaji ya Misfa, ngazi za mawe,
mwaka aliofika kutoka Wete,
bibi harusi wa wiki tatu
asiye na Kiarabu zaidi ya sala zake.
Walimwachia nafasi mwisho wa mkondo;
maji yalipomfikia
yalikuwa na povu la mji mzima.

"Rayya ndiye aliyeniita juu.
Si kwa mdomo, ningeelewa nini?
Alisogeza beseni lake.
Basi."

Kumi na saba, kumi na saba.
Anainuka mafungu mafungu,
kiuno kwanza, mkono gotini,
mgongo ukibaki nyuma kidogo ndani ya shela ya buluu.
Mlangoni anasimama, foleni nzima inangoja.

"Yule wa pembeni," anasema, "anayejibana upande.
Yule kamchora sawasawa."