Nati ya Tano

Jumamosi, Webuye. Mvua ilikatika alfajiri
na ua bado unanuka kuku na udongo mbichi.
Nimetia jiwe mbele ya gurudumu, jiwe nyuma.
"Hata pakiwa tambarare," nawaambia,
"gari halina shukrani. Likiona mteremko litakuacha."
Nekoye anacheka.
Sitati, wa miaka saba, anautafuta huo mteremko.

Kwanza boneti. Nekoye anachomoa kijiti cha oili,
anakisoma papo hapo: "Imejaa!"
Ngoja, mama.
Kijiti hudanganya mara ya kwanza.
Kipanguse, kirudishe mpaka mwisho,
kisha ukiulize tena.
Anakiuliza tena. Oili iko chini ya alama,
nyeusi kama chai iliyosahauliwa jikoni.
Tambara analopangusia ni shati la baba yao.
Tunalijua sote. Hakuna anayelitaja.

Rejeta: ikiwa moto, usiguse kifuniko.
Hata nikikuamuru mimi.
"Hata wewe?"
Hata mimi.

Khaemba anapita na baiskeli yake ya maziwa,
anapunguza mwendo langoni.
"Mwalimu, kwani mafundi wamekwisha pale stendi?"
"Wapo. Na sisi tupo."
Anaondoka akitikisa kichwa, mitungi ikimjibu.

Mimi nilifundishwa kushika tochi.
Kaka yangu Makokha alilala chini ya lori la miwa,
baba akimtajia kila chuma kwa jina,
na mimi nimechutama, mbu miguuni, namulika.
"Siyo huko! Mulika ninapotazama!"
Nami sikuweza kuyaona macho yake.
Majina nilijifunza hivyo hivyo, yakipigiwa kelele:
boliti, kapi, mkanda wa feni, plagi.
Nilipoyajua yote
nikatumwa kupika ugali.

Kwa hiyo leo hakuna wa tochi.
Tairi halijatoboka, tunalitoa tu,
mchana, pakiwa pakavu,
ili siku likitoboka Chwele usiku lisitukute wageni.
Legeza nati kwanza, gari likiwa bado chini,
jeki baadaye.
Kushoto hulegea, kulia hukaza.
Nekoye anapanda juu ya spana kwa miguu miwili,
anaruka, anaruka,
na nati ya kwanza inalia kama mlango wa kanisa.

Tumezipanga siniani. Tumelitoa tairi, tumelirudisha,
mikono yetu mieusi hadi kwenye viwiko.
"Usizikaze kwa foleni. Kaza moja, ruka,
nenda upande wa pili, ruka tena,
mpaka umechora nyota."
Nekoye anachora: moja, mbili, tatu, nne.
Nyota inabaki na shimo.

Tunapekua nyasi. Tunainua sinia, tunainua ndala.
Tunamshuku jogoo, ambaye ana historia.
Nimeanza kupandisha sauti, naisikia,
ni sauti ile ile ya chini ya lori,
naikata katikati.

Sitati amesimama kando ya mgomba,
ngumi moja imefungwa toka saa tatu.
"Fungua mkono, baba."
Anaufungua kidole kwa kidole.
Nati iko pale, ya moto kama yai,
imemchora pembe sita kiganjani.
"Nilikuwa naishika," anasema,
"isipotee."

Nikampa spana. Haikusogea kwa nguvu zake,
Nekoye akaongeza zake, mimi nikaongeza kidole.
Kidole kimoja. Naapa.

Kesho yake, njiani kwenda kwa bibi yao,
alifungua dirisha, akatoa sikio nje.
Rudi ndani, nikasema, kuna malori.
Akarudi, nywele zimejaa vumbi,
akamwambia dada yake kwa sauti ya daktari:
"Yangu imenyamaza."